Yatima Wenye Wazazi Wawili

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za ofisi ya Kibondo, kompyuta moja, modemu mbili zilizochoka na daftari kubwa la jalada gumu ambalo ninyi vijana mlilitazama kama kitu cha makumbusho. Mliniomba niandike jinsi nilivyoipanga tovuti ya shirika letu hadi ikawa inatokea juu kabisa mtu anapotafuta jambo. Nitaandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, havimfundishi mtu kazi. Ila nawaambia mapema kwamba sehemu kubwa ya miaka ile ya mwanzo niliipitisha nikiwa nimeduwaa, na mimi si mtu wa kuduwaa ovyo.

Maana mjue mnaongea na nani. Nilitoka Kibondo nikiwa na cheti cha kidato cha nne na jozi moja ya viatu. Dar es Salaam nilibeba mizigo, nikauza magazeti, nikajisomesha jioni mpaka nikapata diploma ya ukutubi na utunzaji wa kumbukumbu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nikafanya kazi masijala, yaani chumba cha mafaili, katika ofisi moja kubwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Niliporudi nyumbani mwaka 2012 nilikuwa, kwa hesabu yangu, mtu pekee kutoka Mabamba hadi Kasulu aliyeweza kukutafutia barua ya miaka kumi nyuma kabla chai yako haijapoa.

Kazi hiyo nilifundishwa na Mama Siwema, mkuu wangu wa masijala, mwanamke wa Tanga aliyevaa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukutazama ukikosea. Yeye alikuwa na kanuni moja: jambo moja, faili moja. Barua ya maji haikai na barua ya likizo hata kama zimefika siku moja. Faili kubwa la jambo aliliita mama, mafaili madogo yaliyotoka humo aliyaita watoto, na karatasi iliyozagaa bila faili aliiita yatima. "Nani kaniachia yatima mezani?" alikuwa akiuliza asubuhi, nasi sote tukikimbia. Neno hilo nililizoea mpaka likanitoka akilini kwamba lina maana nyingine. Naomba mlikumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Siku ya kwanza hapa shirikani mkurugenzi alinifungulia tovuti yetu, nikabaki mdomo wazi. Shirika, kama mjuavyo, linasomesha watoto, linafundisha kilimo na linachimba visima katika wilaya hizi mbili, Kibondo na Kasulu. Kazi zote hizo zilikuwa zimemwagwa mtandaoni kwa mpangilio mmoja tu: tarehe. Kisima kimekaa juu ya semina ya migomba, semina juu ya picha za mahafali, mahafali juu ya salamu za mwaka mpya. Zaidi ya kurasa mia tatu. Kila mwanafunzi tuliyemsaidia alikuwa na ukurasa wake wenye jina lake na kata yake. Siku hizi hatufanyi hivyo, na sababu mtaiona.

"Mtu akitafuta habari ya visima anafikaje hapa?" nikamwuliza mkurugenzi.

"Hafiki," akasema. "Ndiyo maana tumekuajiri wewe mtu wa mafaili."

Sikuwa nimewahi kugusa tovuti maishani. Sikumwambia.

Ofisi ya Kasulu ilikuwa na Zubeda, ambaye ndiye aliyekuwa akipandisha habari mtandaoni tangu mwanzo. Ni mtoto wa ukoo wa wenye maduka pale mjini, babu yao alitokea pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu, jambo ambalo sikulipenda. Alinipokea kwa heshima zote na kuniita Mtaalamu. Ilinichukua miezi mingi kugundua jinsi alivyolitamka.

Nilifanya nilichokijua. Nilikata karatasi za manila ziwe kadi, nikaandika kichwa cha kila ukurasa kwenye kadi yake, nikazitandaza sakafuni pale Kasulu siku tatu mfululizo. Wageni waliruka kadi kama wanavuka madimbwi. Zubeda akasema, "Mtaalamu, ukimaliza kucheza karata utuachie na sisi njia ya chooni." Lakini siku ya tatu mafungu yalikuwa yamejitenga yenyewe: elimu, migomba na mihogo, maji, ufugaji wa nyuki, afya ya familia. Kwa kila fungu tukaandika ukurasa mmoja mpana unaoeleza jambo lote kwa ufupi, huo ndio mama. Kurasa ndogo zikawa watoto. Kila mtoto akawekewa kiungo cha kumrudisha msomaji kwa mama, na mama akawataja watoto wake wote. Ndugu wakatajana pale tu ambapo swali la kwanza linazaa la pili: aliyesoma namna ya kung'oa mgomba mgonjwa atataka kujua apande nini shimoni.

Kwa nini inasaidia? Kwa sababu mtambo wa kutafutia mtandaoni hautofautiani sana na Mama Siwema. Ukiukabidhi karatasi moja ya migomba iliyotupwa kati ya salamu za mwaka mpya, haukuamini. Ukiukabidhi faili zima, lenye mama na watoto wanaotajana, unasema hawa watu migomba wanaijua. Hilo tu. Wengine wanalipia semina ya siku tano kulisikia.

Mshangao wa pili ulikuja tulipopata taarifa ya maneno ambayo watu huandika kabla ya kutufikia. Tulikuwa na ukurasa uitwao "Semina ya Wadau Kuhusu Changamoto za Uzalishaji wa Zao la Ndizi". Nilikuwa nimekisahihisha kichwa hicho mwenyewe na nilikionea fahari. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuandika maneno hayo. Waliandika "migomba inakauka". Waliandika "ndizi inaoza ndani". Wakimbizi wa Kongo pale kambini Nyarugusu hawakutafuta shule, walitafuta "masomo", na ada waliiita "minervali". Na Waha wenzangu, ambao ulimi wetu huzichanganya r na l, walitafuta "kirimo cha mihogo".

Zubeda akataka tuandike "kirimo" mahali fulani kwenye ukurasa. Nikakataa. Nikamwambia sikuhangaika na diploma ili nije kuandika kirimo.

"Mtaalamu, huyo mkulima anatafuta dawa, hatafuti maksi," akasema.

Tukakubaliana: kichwani Kiswahili sanifu, chini kabisa maswali ya wasomaji kama walivyoyaandika wenyewe. Ndani ya miezi michache ukurasa wa migomba ulitokea wa kwanza. Nilitembea Kibondo mjini kama mtu aliyepewa ng'ombe. Bado naamini nilistahili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2014 tuliamua kumalizia kurasa zilizobaki bila kiungo chochote. Nyingi zilikuwa za wanafunzi, kwa sababu miaka ya nyuma Zubeda aliwapandisha mmoja mmoja bila kuwaunganisha na kitu. Mimi nilikuwa Kibondo, yeye Kasulu, na barua pepe zilikuwa zikigoma kila umeme ulipokatika. Nikaona njia ya mkato: nifungue ukurasa mmoja ndani ya tovuti yenyewe, niorodheshe humo kurasa zote zisizo na kiungo, ili yeye akiwa kule aweze kuona na kupunguza. Ukurasa huo hautawekwa kwenye menyu, kwa hiyo nikajua hakuna mgeni atakayeufikia. Nikaupa kichwa kama Mama Siwema alivyonifundisha. "Yatima, Kibondo na Kasulu." Chini yake majina, kwa alfabeti, safi kabisa.

Zubeda aliifanyia kazi orodha hiyo kwa uaminifu. Alikuwa amesikia hotuba zangu mwaka mzima kwamba hakuna ukurasa wowote utakaobaki bila kiungo, hata uwe wa nani. Basi alipoona ukurasa wa orodha wenyewe hauna kiungo, akauunganisha na mama wa elimu. Kwa kanuni zangu alistahili pongezi.

Mwezi uliofuata niliona kwenye taarifa kwamba ukurasa namba fulani, taarifa zetu zilitaja namba tu, ulikuwa unafunguliwa kuliko zote, tena kutoka kila pembe ya mkoa. Watu wengi hutafuta habari za yatima: walimu, makanisa, misikiti, wafadhili, ndugu. Mimi sikujua ni ukurasa upi wala sikuufungua kuangalia. Nilisimama kwenye kikao cha watumishi nikasema tunao ukurasa unaoongoza mkoa mzima, na kwamba hayo ni matunda ya mpangilio. Wakapiga makofi. Nikainama kidogo.

Siku nne baada ya kikao hicho mwanamke aliingia ofisini Kibondo asubuhi, amejifunga kanga mbili, moja imefunika kichwa hadi kwenye nyusi. Alikuwa ametembea kutoka Kitahana. Akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," nikamjibu, nikampa kiti, hakukaa.

"Mimi ni mama Neema," akasema. "Yustina. Mnamsomesha Neema na mdogo wake Yohana. Nimekuja kuuliza, mlijuaje kabla yangu?"

"Kujua nini, mama?"

"Kwamba baba yao amekufa."

Nikamwambia sina habari ya kifo chochote. Akanitazama kwa subira, kama mtu aliyezoea maofisi. Akaeleza. Mumewe, Filbert, alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Ilikuwa miezi miwili simu yake haipatikani. Kisha shemeji yake Daudi, mdogo wa Filbert, anayechajisha simu za watu pale Kasulu, aliona kwenye simu orodha ya yatima wa shirika letu. Majina ya Neema Filbert na Yohana Filbert yalikuwemo. Daudi akafunga kibanda, akaja Kitahana analia. Akasema shirika haliwezi kuandika mtoto yatima bila kuwa na karatasi ya kifo. Ukoo ukakusanyika, tanga likawekwa.

"Mimi nimewaambia sijaona maiti, sijaona mtu aliyeona maiti," akasema Yustina. "Wakasema wasomi wameandika. Basi nionyesheni hiyo karatasi nami nilie vizuri."

Nilifungua kompyuta. Nilipouona ule ukurasa, nilitambua kwamba ni namba ileile niliyojivunia kikaoni. Naweza kuwaambia nimekutana na mambo mengi, lakini sijawahi kupigwa na kitu namna ile. Nikajaribu kumweleza. Nikasema neno hili ni la kazi. Nikasema kwetu sisi yatima ni ukurasa ambao hauna kiungo, hauna mama wa kumrudishia msomaji.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu ni ukurasa?" akauliza.

Nikaanza tena habari ya kiungo, nikajisikia, nikaacha.

"Lini mtamwandika ana wazazi?" akauliza tena. "Maana ukoo umekaa. Jumapili ya pili kutoka sasa wanaondoa tanga. Wakishaondoa, Daudi anashika nyumba na shamba la kahawa. Mimi nichague, nikae chini ya Daudi au nirudi kwetu Mabamba. Nikirudi Mabamba watoto wanabaki. Ni wa ukoo."

Nilipakia aibu yangu kwenye pikipiki ya ofisi nikaenda naye Kitahana mchana uleule. Uwanja ulikuwa na watu wengi wamekaa kwenye magogo na mikeka. Baba mkubwa wa Filbert, Mzee Kagoma, alikuwa ndiye msemaji wa ukoo. Nilijitambulisha, sikutaja diploma, nikaeleza kwa Kiswahili kisha kwa Kiha. Kwa Kiha ilikuwa mbaya zaidi, maana neno hilo kwa Kiha halina pa kutorokea. Ni mtoto aliyefiwa, basi.

Mzee Kagoma akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu hajafa?"

"Mimi sikuandika kwamba amekufa, mzee."

"Sikuulizi ulichoandika. Nakuuliza hajafa?"

"Sijui, mzee."

"Basi yuko wapi?"

Nikasema hilo pia silijui. Akawageukia wengine taratibu. "Mnasikia. Alipoandika alijua. Sasa tumemwuliza, hajui." Watu wakaguna. Daudi alikuwa amekaa pembeni, macho yamevimba, na sikuona tamaa usoni mwake, niliona mtu aliyempenda kaka yake. Akasema, "Mzee wa ofisi, wewe tuletee kaka. Ukimleta, mimi nitakubebea hata hiyo kompyuta mgongoni mpaka Kasulu. Usipomleta, utuache tulie."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Kufuta neno kusingemfufua mtu wala kumrudisha. Kabla yangu Yustina alikuwa na mume asiyepatikana kwenye simu, kama wanawake wengi wa kwetu. Baada yangu alikuwa mjane, na ilikuwa ni juu yangu kumpata mume huyo kabla ya Jumapili ya pili.

Nilirudi ofisini nikampigia Zubeda, nikamsimulia mkasa wote. Nilisikia akiufungua ukurasa kule kwake. Kisha akasema, "Ni mimi niliyeuwekea kiungo."

"Ni mimi niliyeuandika."

"Ni kweli," akasema, na hakubishana zaidi.

Nilitaka kuufuta ukurasa dakika ileile. Zubeda akanizuia. "Ukiufuta, huyo mtu utamfikia kwa njia ipi? Ukurasa mpya utachukua miezi kuonekana. Huu unafunguliwa na watu mpaka Geita. Toa orodha ya majina, acha anwani ileile, humo ndani mtafute baba yao." Niwaambie ukweli, lilikuwa wazo bora kuliko yote yaliyowahi kutolewa katika shirika hili, na halikuwa langu. Tuliwapa pia ujumbe madereva wa mabasi na watu wa redio, lakini machimboni kila mtu ana simu mkononi.

Niliandika tangazo kwa ustadi wangu wote. "Bwana Filbert wa Kitahana, Kibondo, baba wa Neema na Yohana, popote ulipo, fika nyumbani haraka. Watoto wako wanakusubiri." Nikaweka chini namba ya simu ya ofisi, nikabadilisha na kichwa. Lakini mtambo wa kutafutia haubadilishi picha yake siku hiyohiyo. Kwa siku kadhaa mtu akitafuta aliendelea kuona kichwa cha zamani, Yatima, akibonyeza ndipo anakuta maneno mapya. Nililijua hilo kikazi. Nikalidharau.

Wiki ya kwanza ikapita. Nilikuwa naufungua ukurasa kila saa kana kwamba Filbert angetokea ndani yake. Yustina alikuja mara mbili. Mara ya pili alisimama mlangoni, nikatikisa kichwa, akaondoka. Wazee wawili wa ukoo walionekana wakipima mpaka wa shamba la kahawa kwa hatua. Neema, binti wa kidato cha pili, alikuja na sare yake akaniomba nimwondoe kwenye shirika kabisa ili baba arudi. Nilimweleza kwamba mambo haya hayaendi hivyo. Akasema, "Lakini mlipotuandika ndipo alipokufa." Nikaenda nyuma ya ofisi nikakaa kwenye pipa la maji kwa muda.

Jumamosi, siku moja kabla ya kuondoa tanga, nilikuwa nafunga ofisi mchana. Mwanaume mrefu mwembamba akashuka kwenye pikipiki ya abiria, begi dogo mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa wembe, bado kina mikwaruzo. Akanisalimu kwa heshima, akavua kandambili mlangoni kama anaingia nyumba ya msiba.

"Mimi ni Filbert wa Kitahana," akasema. "Nimekuja kwenu kwanza kwa sababu ninyi ndio mlioandika. Mke wangu mlimzika wapi?"

Nilishika mlango. Nilidhani sikusikia vizuri.

Akaeleza akiwa amesimama. Simu yake mwenyewe ilizama shimoni machimboni miezi miwili nyuma. Mchimbaji mwenzake, kijana wa Kasulu, alimwonyesha kwenye simu: yatima wa Kibondo na Kasulu. Akabonyeza, akakuta jina lake, popote ulipo fika nyumbani haraka, watoto wako wanakusubiri. Mke hakutajwa. Sasa nawauliza ninyi mliokulia na redio, ni lini mmewahi kusikia "popote ulipo, fika nyumbani haraka" na kukawa hakuna msiba? Mtoto yatima, baba yu hai na anaitwa, mama hatajwi. Mtu yeyote mwenye akili angenyoa kama mfiwa. Mimi, mwandishi, nilikuwa nimemwua mume mwezi ule, na katika kusahihisha nikamwua mke.

"Mkeo mzima," nikamwambia. "Yuko nyumbani. Kulikuwa na makosa ya ofisi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Najua, mzee. Anaumwa kidogo."

"Haumwi. Ni mzima."

"Ahsante, mzee," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. Nikatambua kosa langu jingine. Ndivyo sote tunavyosema kwa mtu aliyetoka safari, ili asianguke njiani. Kadiri nilivyoapa kwamba Yustina anapumua ndivyo alivyozidi kuamini kwamba amezikwa.

"Simu ya ofisi ilikuwepo pale kwenye tangazo," nikasema. "Mbona hukupiga?"

"Ningepiga niambiwe nini? Nilitaka kusikia nikiwa nimefika."

Nikampakia. Alilia mgongoni mwangu njia nzima, shati langu likalowa, na kila tulipopita watu nilipunguza mwendo kwa adabu kama mtu aliyebeba mfiwa, maana sikujua tena nimebeba nani.

Kitahana tulikuta masufuria yako motoni kwa ajili ya kesho yake. Mzee Kagoma alikuwa wa kwanza kuona. Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Hakuna aliyepiga kelele. Daudi alimkaribia kaka yake hatua tatu, akasimama, akanyoosha mkono akamgusa begani kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima kama rangi ya ukutani imekauka. Kisha akachuchumaa palepale akajifunika uso.

Yustina alitoka nyuma ya nyumba na ungo wa maharage. Filbert alipomwona, alijishikia kwenye pikipiki yangu ambayo ilikuwa bado ya moto, wala hakuutoa mkono. Mwanamke akaweka ungo chini polepole, maharage yasimwagike.

"Baba Neema," akasema, "kichwa hicho umemnyolea nani?"

"Wewe."

Yustina akavuta kanga yake nyuma. Kichwa chake kilikuwa cheupe kama cha mumewe.

"Na mimi hiki wamekunyolea wewe. Jumatano."

Filbert akauliza ni nani aliyemwambia amekufa. Yustina akaninyooshea kidevu. Akauliza, "Na wewe nani alikwambia nimekufa?" Filbert naye akanigeukia. Uwanja mzima ukanitazama. Katika kazi yangu nimesimama mbele ya wakaguzi na wafadhili, na siku zote nilikuwa na la kusema. Siku hiyo nilivua kofia, nikainamisha kichwa, nikasema, "Nisameheni, ni mimi." Nilisema kwa Kiha, ili wazee nao wasikie vizuri.

Mzee Kagoma alinitazama juu mpaka chini. "Mletee kiti huyu," akamwambia Daudi. "Akae mahali tunapomwona, asije akaandika kitu."

Ndipo mtu wa kwanza alipocheka, na nadhani alikuwa Yustina. Akawageukia wanawake wa jikoni akawaambia wasizime moto, chakula cha tanga kipo na watu wapo, kesho ni mbali. Kikapakuliwa jioni ileile. Filbert alikaa katikati ya wafiwa wake, Neema upande mmoja na Yohana upande mwingine, akala maharage ya msiba wake mwenyewe, akaongezwa mara mbili, na mke wake akasimama juu yake na mwiko akimwuliza kama yanatosha chumvi.